Mlimpa mama yangu miaka saba

Kwa Waheshimiwa Maseneta na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi mlioko Washington,
na kwa Waheshimiwa wabunge wa jimbo letu la Texas mlioko Austin.

Salamu nyingi kwenu.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu mwenye habari hii ni mama yangu, na sikutaka barua inayomhusu iondoke nyumbani kabla yeye hajaisikia. Nilimsomea jana usiku baada ya chakula, akanisahihisha mahali pawili. Vijana wa kanisani kwetu wanaitafsiri ili iwafikie kwa lugha yenu. Na ninyi ndugu zangu mtakaoisoma kabla yao, mliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au Dzaleka, chukueni leo I-94 ya mzee wenu, ile karatasi ya kuingilia nchini, tazameni tarehe aliyoingia Marekani, mwongeze miaka saba. Tarehe mtakayoipata, iandikeni ukutani, maana siku hiyo, kama mzee hajawa raia, anakatiwa SSI, fedha ya kila mwezi ya wazee na walemavu wasio na kitu.

Ya mama yangu inaangukia Septemba mwaka huu wa 2026.

Mama alizaliwa Fizi, Kivu Kusini, akaolewa Baraka, akauza ndagala pale ufukweni mpaka vita vya mwaka 1996 vilipotukimbiza. Tulivuka Ziwa Tanganyika usiku, watu wengi ndani ya mtumbwi mmoja, tukatokea Kigoma, na kutoka hapo tukapelekwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Tulijua tutakaa msimu mmoja wa mvua tu, kisha tutarudi. Alikaa miaka 22. Baba tulimzika hukohuko. Kila siku ya posho Mama alipanga foleni, akaweka dole gumba kwenye karatasi, akajitwisha unga, maharage na mafuta, akarudi kwenye nyumba ya udongo aliyoikandika kwa mikono yake. Shule hakuwahi kuingia hata siku moja. Kwao wasichana walipelekwa shambani. Hesabu ya pesa anaijua kunishinda mimi, ila herufi hakuwahi kufundishwa.

Tulitua Dallas Septemba 2019. Nauli ya ndege tulikopeshwa, tukairudisha kidogokidogo hadi dola ya mwisho. Mama alikuwa na miaka 65, na kwa umri huo, kwa kuwa hakuwa na kitu, akapewa SSI.

Kwa msomaji asiyeijua SSI, ni fedha ya kila mwezi ambayo serikali kuu ya Marekani humpa mtu aliyefika miaka 65, au kipofu, au mwenye ulemavu mkubwa, asiye na mapato wala mali ya kumtosha. Zamani kila jimbo lilikuwa na mpango wake kwa wazee, vipofu na walemavu, huku wanapewa nyingi, kule wanapewa kiduchu, hadi sheria ya mwaka 1972 ilipokusanya mipango hiyo pamoja, na malipo ya kwanza yakatoka Januari 1974. Mwaka huu kiwango cha juu kwa mtu mmoja ni dola 994 kwa mwezi. Haitoki kwenye makato ya pensheni ya mtu. Inatoka hazina kuu, mahali inapokwenda kodi ya mapato ninayokatwa mimi kila baada ya wiki mbili kwenye ghala ninapopakia mizigo. Hilo nalisema mapema kwa sababu wako wanaodhani mama yangu anakula jasho la watu wengine.

Mtu akisikia dola 994 anaweza kuona ni nyingi. Aje basi alipe kodi ya nyumba hapa Fort Worth. Na hizo zenyewe hazimfikii kila mzee. Kanuni inasema mzee akiishi katika nyumba ya mtu mwingine, analala hapo na kulishwa hapo bila kuchangia, kiwango chake kinakatwa theluthi moja. Kwetu mama kulala na kula kwa mwanawe ndiyo heshima ya mwisho ya mtoto kwa mzazi. Hapa inahesabiwa kuwa kipato. Kwa hiyo nilinunua daftari. Kila tarehe 2 ya mwezi Mama ananipa sehemu yake ya kodi na ya chakula, mimi naandika kiasi na tarehe, yeye anaweka alama yake. Mwezi wa kwanza aliniangalia muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, sasa unanipangishia?" Nilikosa la kumjibu. Hadi leo ile daftari naiweka juu ya kabati, mahali asipoiona.

Kuna na jambo la akiba. Mtu mmoja anayepokea SSI haruhusiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000, na mume na mke pamoja wasizidi 3,000. Kiwango hicho hakijaguswa tangu mwaka 1989, nilipokuwa sijaanza shule. Wamama wa Kikongo hapa mjini wana likelemba yao, wanachangishana kila mwezi na kupokezana. Mama amekataa kuingia, kwa hofu kwamba zamu yake ikifika, pesa ikalala mkononi mpaka tarehe moja, atakuwa amevuka mpaka. Mwanamke aliyeishi kwa ushirika maisha yake yote anakaa dirishani akiwaangalia wenzake wakienda kwenye mkutano wa Jumapili. Najua upo muswada wa kupandisha kiwango hicho hadi dola 10,000, na kwamba umebebwa na watu wa vyama vyote viwili. Naomba mmalizane nao. Lakini hilo si jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kilichoniketisha hapa ni miaka saba.

Mwaka 1996, mwaka uleule tuliovuka ziwa, ninyi hapa Marekani mlipitisha sheria kubwa ya kurekebisha misaada. Iliwafungia wageni wengi mlango wa SSI. Mkimbizi aliachiwa miaka mitano tu, mwaka uliofuata mkaona haimtoshi, mkaifanya saba. Baada ya miaka saba tangu aingie nchini, kama hajawa raia, inakatwa. Awe na miaka 70, awe na 90, awe haoni, awe hainuki kitandani, tarehe ikifika inakatwa. Njia nyingine iliyoachwa ni mtu kuwa na robo 40 za kazi, yaani miaka kumi ya kukatwa kodi ya mshahara. Mama alifika akiwa na miaka 65. Atafanya kazi gani ya miaka kumi? Kazi ya mume huhesabiwa, lakini mume yuko kaburini Nyarugusu. Miaka yangu mimi ghalani haihesabiwi kwake hata robo moja.

Mtaniambia, basi awe raia, nafasi anayo tangu alipotimiza miaka mitano. Ndiyo, nafasi anayo. Mimi niliitumia, nikaapishwa mwaka jana, na Novemba hii nitapiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mke wangu yuko njiani. Kwetu hakuna anayekimbia uraia. Lakini hebu njooni mkae mezani kwetu Jumanne jioni mmwone Mama akijiandaa na mtihani huo.

Mtihani unataka azungumze Kiingereza, asome sentensi moja ya Kiingereza, aandike sentensi moja ya Kiingereza, kisha ajibu maswali ya historia na serikali, pia kwa Kiingereza. Mama anashika kalamu kama anavyoshika mwiko wa bugali, kwa ngumi, mkono wote ukisukuma. Miezi mitatu tulifanya jina lake. Herufi aliyoipenda ni ile ya kwanza ya Washington, akasema hii naijua, ni mawimbi. Akaandika ukurasa mzima wa mawimbi, ya mwisho yakatoka nje ya karatasi na kupanda kwenye kitambaa cha meza, kwa sababu Mama haoni pembe za karatasi. Ana presha ya macho, ile inayoitwa glaukoma. Inakula uoni kuanzia pembeni kuja katikati. Sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Haya ndiyo macho anayojifunzia kusoma akiwa na miaka 72, katika lugha ambayo hakuwahi kuisikia mpaka alipofika uzeeni.

Alipeleka maombi mwaka 2024, mara tu alipoweza. Mahojiano ya kwanza alishindwa kusoma. Ya pili alishindwa kuandika. Maombi yakakataliwa. Tumepeleka mengine mwaka huu, na hapo katikati mtihani wenyewe umekuwa mgumu zaidi. Waliokuwa wameomba kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025 wanaulizwa maswali 10 kutoka orodha ya 100, wakipata 6 wamepita. Walioomba kuanzia siku hiyo wanaulizwa hadi 20 kutoka orodha ya 128, na lazima wapate 12. Mama yumo katika hao wa pili.

Ipo fomu ya daktari, N-648, inayoweza kumwondolea mtu mtihani kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu. Tuliijaribu. Daktari alijaza, akaandika habari ya macho. Fomu ikarudi, tukaelezwa kwamba asiyeona anaweza kujifunza kwa masikio. Uzee si sababu inayokubalika. Kutokwenda shule si sababu. Inatakiwa daktari aoneshe ugonjwa unaoziba uwezo wa kujifunza, na mama yangu, ashukuriwe Mungu, akili yake ni timamu. Ni kama tunatakiwa tumwombee aanze kusahau majina ya wajukuu zake ndipo aruhusiwe kula.

Sasa nisomeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo penye shauri langu lote. Sheria yenu ya uraia inajua kabisa kwamba mzee hajifunzi lugha kama kijana. Imesema mtu aliyefika miaka 55 na ambaye ameishi hapa kama mkaazi wa kudumu kwa miaka 15, anaweza kufanya mtihani kwa lugha yake mwenyewe. Mwenye miaka 50 anapata ruhusa hiyo akitimiza 20 ya ukaazi. Na mwenye miaka 65 aliyekaa 20 anapewa hata orodha fupi ya maswali 20 ya kujifunza. Ni sheria ya watu wenye huruma na akili. Mama akiruhusiwa kujibu kwa Kiswahili atawajibu. Niulizeni mimi. Nani aliongoza vita vya kujitenga na Waingereza, Congress ina mabaraza mangapi, kwa nini bendera ina mistari 13, yote ananijibu akiwa anachambua sombe, kwa Kiswahili safi, na mara nyingine ananiuliza yeye.

Lakini miaka 15 ya Mama inatimia Septemba 2034. Atakuwa na miaka 80. SSI yake inakatwa Septemba 2026.

Kati ya sheria zenu mbili pana shimo la miaka minane. Ya kwanza imesema tunakupa miaka saba uwe raia. Ya pili imesema tunajua mtu wa umri wako anahitaji 15. Zote mbili ni zenu, na mzee mmoja hawezi kuzitii zote mbili. Sidhani yupo aliyekaa akapanga iwe hivyo. Naamini zilitungwa na watu tofauti, miaka tofauti, na hakuna aliyeziweka juu ya meza moja. Leo naziweka.

Wala si mama yangu peke yake. Katika mwaka wa fedha wa 2016 mlipokea Wakongo zaidi ya 16,000, na mwaka 2019 tuliokuja nao tulikuwa karibu 13,000. Wengi wetu ni vijana na watoto, wazee ni wachache, hata gharama yao kwenye bajeti ya nchi kama hii ni ndogo. Wale wa 2016 saba yao iliisha 2023. Wapo hapa mtaani kwetu. Mzee mmoja, jirani yetu, sasa anazungushwa na watoto wake watatu, miezi minne kwa huyu, miezi minne kwa yule, begi lake halifunguliwi tena.

Barua yetu ilikuja wakati niko zamu ya mchana. Mama alimwita mjukuu wake wa miaka 11 amsomee. Mtoto akasoma, akanyamaza, akasema, "Koko, wanasema pesa yako itaisha." Nilipofika usiku nilimkuta mtoto ndiye amekosa usingizi. Kesho yake tukapiga simu, tukasubiri saa nzima na zaidi, tukapewa mkalimani. Akatumia Kiswahili cha vitabuni, akasema, "Ustahiki wako utakoma." Mama akamuuliza, "Nimekosa nini?" Mkalimani akatafsiri swali, jibu likarudi kwamba hajakosa kitu, ni muda tu.

Sijawaambia bado habari ya dawa. Hapa Texas, anayepata SSI ndiyo hiyohiyo inayomfungulia Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wasio na uwezo. Mama anatia matone machoni kila usiku, chupa mbili tofauti, na kila baada ya miezi kadhaa anapimwa presha ya jicho. Glaukoma ina tabia moja, kilichokwenda hakirudi. Akikosa matone nusu mwaka, kile kitundu anachochungulia kinaweza kufumba moja kwa moja. Halafu mtakuwa na kipofu, ambaye kwa sheria hiyohiyo ya SSI ni mtu wa kusaidiwa, na mtamwambia muda wako uliisha.

Waheshimiwa wa Austin, sasa nageukia kwenu, maana huwa mnasema mambo ya wageni ni ya Washington. Si yote. Tangu 1974 majimbo yana ruhusa ya kuongeza chochote juu ya SSI, na mengi yanaongeza. California inamwongezea mzee anayeishi peke yake karibu dola 240 kwa mwezi. Massachusetts inamwongezea dola 128.82. New York inampa 87. Texas, kwa mzee anayeishi nyumbani, haiongezi hata senti. Kitu kidogo mlichotenga ni kwa walio kwenye makao ya uuguzi. Tena California mwaka 1998 walianzisha mfuko wao wenyewe, CAPI, kwa ajili ya watu wa aina ya mama yangu hasa, wazee, vipofu na walemavu walionyimwa SSI kwa sababu tu si raia. Jimbo la Washington nalo lina msaada wake wa fedha kwa watu hao. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, linafanyika, na lina miaka karibu 30 likifanyika. Jimbo letu si maskini kuliko hayo.

Kikao chenu cha kawaida kinaanza Januari 2027, na kina siku 140. Ninachowaomba ni mfuko mmoja mdogo: mkaazi halali wa Texas, aliyefika miaka 65 au asiyeona au mwenye ulemavu, aliyekatwa SSI kwa sababu ya miaka saba, apewe na jimbo fedha ya kumshikilia na bima ya afya mpaka atakapokuwa raia. Msipoweza kiasi kizima, anzeni na dawa.

Na ninyi wa Washington, mnaweza kulimaliza hili kwa mstari mmoja. Mlishalifanya mara mbili. Mwaka 1997, chini ya Rais Clinton, mlitoka mitano mkaenda saba. Mwaka 2008, chini ya Rais Bush, mkaifanya tisa kwa muda, kwa wale walioonesha kwamba wanautafuta uraia, na ruhusa hiyo ikaisha Septemba 2011 bila kurudishwa. Mmoja alikuwa wa chama hiki, mwingine wa kile. Ninachoomba ni kwamba kwa mkimbizi mzee au mlemavu hiyo saba iondolewe kabisa. Na kama hamwezi kuiondoa, ifanyeni 15, ili mtu afike salama kwenye siku ile ambayo ninyi wenyewe mmemwahidi kumsikiliza kwa lugha yake.

Mahali pa kwanza Mama aliponisahihisha ni pale nilipokuwa nimeandika kwamba mlitupa hifadhi kwa bahati. Akasema si bahati, tulihojiwa miaka mingapi pale kambini, walituuliza kila kitu, wakatuchagua, andika kwamba walituchagua. Nimeandika. Pa pili nilikuwa nimesema hajui kitu cha shule. Akasema mwambie anajua kuandika jina lake sasa. Ni kweli, anajua.

Bado anakwenda darasani Jumanne na Alhamisi. Maombi mapya ya uraia yamepokelewa, tarehe ya mahojiano hatujapewa. Tarehe ya kukatwa tunayo. Mkinijibu, hata kwa Kiingereza, nitamsomea jioni hiyohiyo.

Mwanawe wa tatu,
Fort Worth, Texas